Altezza yangu imelala na mama halalamiki mgongo: uzoefu wangu wa kushusha gari mara mbili

Nianze na gari yenyewe maana najua mtaniuliza. Ni Toyota Altezza RS200 ya 1999, manyuo gia sita, injini 3S-GE ya silinda nne ambayo Yamaha walikuwa na mkono wao humo, nipo nayo mwaka wa nne sasa hapa Dar na siiuzi. Hii gari ilipotoka 1998 ilibeba tuzo ya gari la mwaka kule Japan na ukiiendesha unaelewa kwanini, usukani unajibu, nyuma inasukuma, na ile dashibodi yenye mishale kama saa ya mkono ndo ilinifanya niitamani toka nikiwa chuo. Kasoro yake kwangu ilikuwa moja tu na ilikuwa inanikera kila nikiipaki. Imesimama juu mno. Ukikaa pembeni unaona pengo kati ya tairi na fenda, mbele ngumi yangu nzima inapita, yaani gari ina sura ya mbio halafu imesimama kama imevaa suruali ya mdogo wake.

Nilichokuwa nataka ni rahisi kukisema ila kukipata ndo kazi. Gari ilale kidogo, ijaze fenda, halafu mama yangu akikaa siti ya nyuma asiumie. Mama ana tatizo la pingili za mgongo na kila mwezi mimi ndo nampeleka kliniki, kwahiyo gari kupita kwenye shimo bila kumtikisa mtu kwangu sio anasa, ni kitu cha lazima kabisa.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilienda gereji moja, fundi akaniambia kushusha ni kazi ya masaa mawili, anakata springi kwa grainda, elfu themanini mambo yameisha. Nikakubali. Akatoa springi zote nne akakata mzunguko mmoja na nusu kila moja, akarudisha, na jioni ile gari ilikuwa nzuri sitadanganya, niliizunguka napiga picha mpaka giza likaingia.

Kesho yake asubuhi naitoa nyumbani, mi nakaa Goba na kabla ya kufika lami kuna kipande cha vumbi, tuta la kwanza tu nikasikia GOP. Sio ule mlio wa bodi kugusa chini, ni mgoto wa ndani, kama mtu kapiga nyundo chini ya siti. Nikajua labda nimepita kasi, tuta linalofuata nikapita taratibu kabisa, GOP. Wiki hiyo hiyo ikawa siku ya kliniki, tumefika Makongo mama akanishika bega akasema "mwanangu, hii gari umeifanya nini, inanipiga mgongo", nikapaki pembeni nikamkunjia kanga mbili za kukalia, tukaendelea spidi ya guta. Nilijisikia vibaya sana siku ile na sijaisahau.

Nikaanza kutafuta kujua kilichotokea, na hapa ndo nataka watu waelewe maana bado naona wengi wanakatiwa springi kila siku. Springi ukiikata haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia. Chukulia springi ina mizunguko 6 inayofanya kazi, ukitoa mmoja na nusu inabaki 4.5, ugumu wake unapanda kama theluthi moja hivi. Ugumu peke yake ungevumilika. Balaa ni kwamba shokapu imebaki ileile ya kiwandani, ndefu, iliyopimwa kwa ajili ya gari kukaa juu, sasa gari imeshuka na shokapu inaishi imejikunja muda wote, ule mti wake wa chuma umebakiza safari ndogo sana kabla haujagota kwenye raba ya juu. Kwahiyo kwenye tuta springi haifanyi kazi yake, gari inadundia raba. Na ile ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, ukipiga jeki tairi ikaning'inia springi inacheza humo ndani unaisikia. Springi inayoweza kuchomoka kwenye kiti chake spidi 100 sio kitu cha kuchekea.

Tairi nazo, ndani ya miezi minne upande wa ndani ziliisha mpaka nyuzi zinaonekana huku nje kashata, yale meno ya tairi, bado zipo. Baada ya kushusha nilikuwa sijapeleka alaimenti, yaani kupima na kunyoosha tairi, fundi aliniambia haina haja. Ina haja. Miguu ya Altezza ni ya wishiboni mbili kila tairi, mbele na nyuma, yaani mkono wa chuma juu na mwingine chini, gari ikishuka tairi zinalalia ndani kwa juu na uelekeo wake pia unahama, na huo uelekeo ndo unakula tairi kuliko hata kule kulala.

Mtu aliyenitoa kwenye shimo ni fundi mmoja mtu mzima, maeneo ya Tegeta, wote pale tunamwita Mzee. Hakunishangaa wala hakunitukana, alichofanya ni kuinua lile buti la vumbi la shokapu ya mbele, akafunga kamba ya plastiki, zile za kufungia nyaya, kwenye mti wa shokapu, akaisukuma mpaka chini ikalalia kichwa cha silinda. Akaniambia "kijana wangu, zunguka mtaa mmoja urudi". Nikazunguka, dakika tano. Niliporudi kamba ilikuwa imesukumwa juu kabisa, imebanwa kwenye raba. Akanionesha kwa kidole, "hapa ndo safari yako yote imeishia, na hujaenda popote". Nimesoma mambo mengi kuhusu kushusha gari ila hakuna kilichonifundisha kama ile kamba.

Sasa nije kwenye setapu ya pili ambayo ndo ninayo mpaka leo, mwezi wa 14 huu na nimeshatembea kilomita kama 18,000.

Nilinunua springi za Tein za kushushia, zile za kijani, na shokapu za KYB za bluu ambazo zimetengenezwa zikiwa na nguvu kidogo kuliko za kiwandani ili ziimudu springi fupi. Hapa nisisitize, springi na shokapu vinaenda pamoja, ukinunua springi nzuri ukaziweka juu ya shokapu za miaka 20 zilizochoka umetupa hela. Vyote vipya kutoka Japan kupitia wakala, nilisubiri wiki tano, springi na shokapu na usafiri na kutoa mzigo vilinigharimu kama milioni moja na laki nane. Najua ni hela. Mi nilidunduliza miezi saba.

Nilipima kabla na baada, na nashauri upime kutoka katikati ya rimu kwenda juu kwenye ukingo wa fenda, usipime kutoka chini maana upepo wa tairi na sakafu vitakudanganya. Na springi za kiwandani, ambazo bahati nzuri jamaa yangu mwenye Altezza kama hii alikuwa anazo akaniazima tupimie, mbele ilikuwa milimita 372. Na zile zilizokatwa 322. Na hizi mpya, baada ya wiki mbili zikishakaa, 343. Yaani ni kama sentimita tatu tu chini ya kiwanda, na kwa jicho inatosha kabisa, vidole viwili na nusu ndo vinaingia pale palipokuwa panaingia ngumi.

Ile sehemu iliyobaki niliiziba kwa tairi na hili ni wazo la Mzee. Altezza RS200 inakuja na 215/45R17. Nikaweka 225/45R17. Piga hesabu, ukuta wa tairi unatoka milimita 97 hivi unakuwa 101, tairi nzima inakuwa kubwa kwa milimita 9, kwahiyo pengo la juu linapungua kama milimita 4 na nusu na wakati huohuo gari inainuka kiasi hichohicho kutoka chini, na raba ya kumezea mashimo imeongezeka. Wengi wanafanya kinyume, wanashusha gari halafu wanaweka rimu 18 au 19 na tairi nyembamba kama mkanda, halafu wanasema springi ngumu. Sio springi peke yake jamani, hewa iliyo ndani ya tairi ndo springi ya kwanza. Spidomita sasa inasoma chini kidogo ya spidi halisi, kama asilimia moja na nusu, ni ya kukumbuka ukiona tochi ya trafiki mbele. Kwenye gari yangu na rimu zangu hazisugui hata nikikata usukani wote, ila pima ya kwako kwanza.

Kitu kingine ambacho sikuwahi kukisikia kwa fundi yeyote kabla, Mzee alikataa kukaza boliti za wishiboni gari ikiwa juu ya jeki. Alizishika kwa mkono tu, akaishusha gari chini, akaiingiza juu ya shimo la gereji, tukakaa watu wawili ndani, ndo akaingia chini akaanza kukaza moja moja. Zile bushi za kwenye maungio, raba yake imegandana na chuma cha ndani, ukiikaza miguu ikiwa inaning'inia, gari ikishuka raba inabaki imejisokota siku zote, inaifanya gari iwe ngumu na bushi inachanika mapema. Kazi hii iliongeza lisaa limoja hivi na ninaamini ndo sababu gari yangu ni laini kuliko za wenzangu wenye springi hizihizi.

Tulibadilisha na boljointi za chini mbele, vile viungo vinavyoushikilia mguu wa tairi, zangu zilikuwa zimekwisha, hizo usizionee huruma hela maana mguu ukichomoka gari inalala chini barabarani. Nilichokosea ni mauntini za juu za shokapu, yaani vile vishikio vinavyoifunga kwenye bodi, nikasema zile za zamani bado. Mwezi wa tatu tangu tufunge, upande wa kushoto ukaanza kugonga koko koko kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, ikabidi kufungua upya, hela ya fundi mara mbili. Zibadilishe siku hiyohiyo.

Sasa inaendaje. Lami nzuri, mfano kipande cha Kimara mpaka Kibaha kile cha njia nane, imetulia kuliko ilivyokuwa kiwandani, ukibadilisha njia haiyumbi, ukishika breki pua haizami. Matuta ya kawaida inapita inashuka mara moja inapanda mara moja imetulia, hakuna ile ya kurukaruka. Mashimo yenye kingo kali bado unayasikia, hasa ukiwa peke yako na tenki liko nusu, nyuma inakuwa ngumu ngumu kidogo, wakikaa watu wawili nyuma inalainika. Mzee alifunga tena ile kamba, nikaenda nyumbani Goba nikarudi, mwendo wangu wa kila siku na vumbi lake lote, kamba ikasimama vidole viwili chini ya raba. Niliipiga picha ile kamba.

Yasiyonifurahisha yapo. Bampa ya mbele inagusa kwenye rampu ya kuingilia pale ofisini kama sijakata kona, na matuta yale makubwa ya mitaani yaliyojengwa na wananchi wenyewe napita kiupande, tairi moja moja. Jeki kubwa ya gereji za kawaida haiingii mpaka upande juu ya kipande cha mbao. Mvua za masika kile kipande chetu kikichimbika naiacha gari kwa jirani karibu na lami natembea kwa miguu, hilo nimelikubali.

Kuhusu koilova, yaani springi na shokapu za seti moja zinazorekebishika urefu, maana mtauliza. Nimepanda Mark X ya jamaa yangu yenye koilova, aina ile ambayo kushusha ni kuzungusha kikombe cha springi tu, kaishusha mpaka mwisho na safari ya shokapu imeishia hukohuko, kwahiyo amelipa zaidi yangu kupata GOP ileile niliyoipata kwa grainda. Kuna aina nyingine ambayo urefu unarekebishwa kwa kizibo cha chini, bodi yote ya shokapu inapanda au kushuka na safari inabaki ileile, hiyo ndo ya kununua kama unataka kucheza na urefu. Mi sikuhitaji. Nilitaka niweke nisahau.

Mwezi wa 12 tulienda Morogoro msibani, mama nyuma na dada yangu, buti limejaa. Mlandizi, Chalinze, matuta yote na rasta zote zile unazozijua. Namwangalia kwenye kioo, alilala kabla ya Chalinze na alikuja kuamka Msamvu, akaniuliza kama tumefika. Sijamuuliza kuhusu mgongo na yeye hakusema.

Zile springi zilizokatwa kuna kijana mwenye Altezza ya bluu alinipigia anazitaka, alikuwa tayari kutoa elfu hamsini. Nikamwambia siuzi, aje apande yangu kwanza. Nilizipeleka kwa wauza chuma chakavu, nikasubiri mpaka zikatupwa kwenye rundo.