Uzoefu wangu: Nilivyopiga makasia ya Waviking, Roskilde

Kiganja changu cha kulia kina malengelenge mawili hadi leo. Niliyapata Jumamosi, Roskilde, Denmark, kwenye Makumbusho ya Meli za Waviking, wale mabaharia wavamizi wa kale wa Ulaya ya kaskazini. Jamaa zangu wa hapa Malmö, Sweden, wananiuliza kila siku kama hela yangu ilipata thamani yake, basi nawajibu hapa kwa mkupuo mmoja.

Niseme mapema kwamba kwenye vyombo mimi si mgeni. Marehemu babu alikuwa fundi wa mashua Tanga, na baba amekuwa nahodha wa jahazi miaka na miaka, safari za Pemba na kurudi. Kwa hiyo nilikwenda kukagua, utalii ukafuata baadaye. Kufika hakuna taabu: treni kutoka Copenhagen haimalizi hata nusu saa, kisha unateremka kwa miguu, unapita kanisa kuu la matofali mekundu walimozikwa wafalme wa Denmark, mpaka unaona maji.

Ukumbini mna vyombo vitano vya karne ya 11. Havikuzamishwa na dhoruba wala havikuzama vitani. Wenyeji wenyewe walivijaza mawe wakavizamisha karibu na Skuldelev, ili kuziba mkondo wa bahari adui asiufikie mji wao. Hilo lilinisimamisha kidogo. Watu waliotia hofu Ulaya nzima, nao walikuwa wakiogopa kugongewa mlango usiku! Mwaka 1962 wanaakiolojia walizungushia ukuta wa chuma eneo lile baharini, wakavuta maji yote, wakaokota vipande maelfu kwa maelfu. Mwanzoni walihesabu meli sita. Baadaye wakagundua kwamba ile waliyoipa namba 4 ni kipande cha namba 2, kwa vile chombo chenyewe ni kirefu mno. Ndiyo maana namba zinaruka kutoka 3 hadi 5. Mimi nilirudi nyuma kuitafuta ya nne, nikijiona nimepitiwa.

Hiyo namba 2 ni meli ya vita. Urefu kama mita 30, upana hata mita 4 haufiki, makasia 60. Kilichobaki ni robo tu, sehemu nyingine imechorwa kwa vyuma vyembamba ili macho yako yamalizie. Pete za ukuaji wa mti zinazoonekana ndani ya mbao zilionyesha kwamba mialoni yake ilikatwa mwaka 1042, huko Ireland, jirani na Dublin. Waviking walipiga kambi Dublin mwaka 841. Miaka mia mbili baadaye wajukuu zao wanakata miti ya hukohuko na kuunda meli hukohuko. Ubao ule ulinieleza kuenea kwao kuliko ramani yoyote yenye mishale.

Halafu kina chake: maji ya mita moja tu yanakitosha. Ukishalijua hilo, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Chombo cha namna hiyo hakihitaji bandari, kinapandishwa ufukweni na watu wake wenyewe. Kinaingia mtoni pia. Mwaka 845 waliukwea mto Seine mpaka Paris, na mfalme akawalipa fedha ili waondoke. Hata walipoivamia Lindisfarne mwaka 793, nyumba ya watawa kisiwani kule Uingereza, shida haikuwa upanga. Shida ilikuwa kwamba kabla jeshi halijakusanywa, wao wameshatweka tanga. Zile kofia za pembe ziacheni kwenye maigizo, ni mambo ya karne ya 19.

Dublin hiyohiyo, lakini, ilikuwa soko kubwa la watumwa. Nilisimama mbele ya ile meli nikiisifia mistari yake, nikakumbuka kwamba sisi wa pwani tunajua vizuri chombo kizuri kinaweza kubeba nini.

Nilimpigia baba simu ya video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu geuza simu, nionyeshe mbavu."

Nikageuza. Akanyamaza, kisha: "Mbao zinalaliana!" Ndivyo ilivyo. Jahazi letu mbao zinakaa ukingo kwa ukingo na kupigiliwa kwenye mataruma. Wao kila ubao unaulalia wa chini yake, wanazibana zenyewe kwa zenyewe kwa misumari ya chuma, mbavu zinaingia baadaye. Katikati wanatia sufi ya kondoo iliyopakwa lami ya msonobari. Baba akasema chombo hicho lazima kitajinyonga kwenye wimbi, na ni kweli kinajipinda, ila wanaovijua wanasema ndiyo nguvu yake. Hakukubali sana. Nilipomwonyesha namba 5 ndipo alipocheka: ni meli ndogo ya vita, mita 17 hivi, imejaa viraka, na baadhi ya mbao zimetolewa chombo kingine. "Hawa walikuwa na njaa kama sisi," akasema.

Sasa mashua. Kama unakwenda na huna nia ya kupanda mashua, bora ubaki na hela yako, maana hapo ndipo penye utamu. Safari inapungua saa moja kidogo. Mnavaa maboya, mnakaa wawili wawili kwenye mabenchi, kila mtu kasia lake, na binti mmoja wa makumbusho anashika usukani. Mimi nikajitia bingwa. Kumbe mazoea yangu ni ya kafi na ngalawa, unatazama mbele unakokwenda. Kule unalipa bahari kisogo, unavuta kwa mgongo na miguu, na usipofuata mwendo wa aliye mbele yako kasia lako linagonga la jirani. Nililigonga la mama mmoja mzee Mdenmark mara tatu. Mara ya nne alinitazama tu. Dakika kumi mabega yanawaka, na hapo bahari ni shwari kama kisima. Watu 60 wakivuta hivi kutwa nzima, na mvua juu, kisha washuke wakapigane! Niliacha kuwaza mapanga, nikaanza kuwaza migongo.

Tulipotoka nje kidogo tukaambiwa tutweke tanga. Henza, kamba ya kupandishia tanga, niliishika mimi, na hapo heshima yangu ikarudi. Tanga lao ni la mraba na foromali, ule mti unaobeba tanga, imelala kama mkono wa mizani, si kama yetu inayopanda juu kwa mshazari. Nikakumbuka kwamba mtepe wa Lamu nao ulikuwa na tanga la mraba, la mkeka, na mbao zake zilishonwa kwa kamba. Swali la baba nililibeba mfukoni, nikamuuliza yule binti: tanga hili linabishaje, yaani linakwendaje kuelekea upepo unakotoka? Akasema linabisha, lakini kwa ubishi, pembe yake ya mbele inabidi ivutwe sana. Upepo ukigeuka vibaya unashusha tanga unarudi kwenye makasia. Jibu la kiungwana kabisa.

Lawama zangu haziwahusu wao. Koti langu "lisilopitisha maji", nililolinunua duka moja la mtandaoni, lilifunguka mshono begani kwa rasharasha ya kwanza. Upepo wa kule hata Juni una meno. Beba sweta la sufi, na viatu visivyoteleza.

Kabla ya kuondoka nenda gatini ukaione Havhingsten, ile namba 2 iliyoundwa upya kwa zana za zamani na kushushwa majini mwaka 2004. Mwaka 2007 iliondoka Roskilde tarehe 1 Julai ikafika Dublin tarehe 14 Agosti, mabaharia zaidi ya 60, hakuna chumba, hakuna paa, mnalala palepale mnapovutia kasia. Inanuka lami. Kwetu mashua inanuka sifa, mafuta ya papa, na sikudhani harufu nyingine ingenikumbusha banda la babu.

Baba akipata viza mwakani tutarudi naye. Ameshasema usukani ni wake, hataki mjadala. Sijamwambia kwamba usukani wa Waviking haukai katikati ya tezi, nyuma ya chombo, umening'inia ubavuni, upande wa kulia.