Treina ya baiskeli ya mtumba: inafaa Nairobi, lakini tafuta feni kwanza

Treina ni mashine inayoshikilia baiskeli yako ukanyage ndani ya nyumba bila kusogea. Ukifikiria utadhani ni za watu wa Ulaya tu, kule theluji hufunga barabara na Desemba jua huzama saa kumi jioni. Hapa kwetu tuna Julai tu, na baridi ya alfajiri ya Julai haijawahi kumshinda mtu mwenye jaketi na glavu. Kinachonitoa barabarani mimi ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei mashimo hujaa maji, usijue lipi ni la kina cha kidole na lipi litameza gurudumu zima, na matatu nazo hazimsubiri mtu afikirie. Isitoshe, natoka kazini Upper Hill giza likiwa limeshaingia. Msitu wa Karura, ambao ungeniokoa, hufungwa saa kumi na mbili jioni.

Ndiyo maana mwaka huu nilinunua treina. Niliipata kwa muuzaji wa baiskeli za mtumba, shilingi 14,000 baada ya kuvutana sana. Stika ya kampuni ilishabanduka, kwa hiyo hata nikitaka kuitaja siwezi. Ni ile ya kizamani: fremu ya chuma inayokunjika, ekseli ya nyuma inabanwa kati ya vikombe viwili, na tairi linalalia rola. Pembeni mwa rola kuna sahani inayozunguka karibu na sumaku. Sumaku zikisogea, sahani inakuwa nzito kuzungusha, ingawa hakuna kinachogusana na kingine, na kwa hiyo hakuna pedi ya kuisha. Waya mwembamba kama wa breki unafika hadi kwenye usukani, ambako kuna kidude cha kuongeza au kupunguza uzito.

Haichomekwi kwenye stima. Kwangu hiyo pekee inatosha kuipa alama nyingi. Mvua ikipiga mtaani kwetu South B, taa huzimika, nami naendelea kukanyaga gizani. Zile za kisasa, ambazo unang'oa gurudumu la nyuma na kuvalisha cheni kwenye mashine yenyewe, ni tulivu zaidi na zinapima nguvu vizuri, sikatai. Lakini nyingi zinataka stima ndipo zikuwekee uzito sawasawa, na bei yake ni ya kununulia baiskeli nyingine nzuri.

Kabla hujalipa, angalia ekseli yako. Treina nyingi za aina hii huja na spindo yake ya chuma ya kubana na kuachia kwa mkono, unaiweka mahali pa ile ya baiskeli. Ukiwa na Black Mamba ya ekseli ya nati, au baiskeli mpya yenye ekseli nene inayopenya fremu, utahitaji kipande cha ziada. Nenda na baiskeli dukani, ifungwe mbele yako, ukanyage, usikie.

Kusikia ndiko kulikonigharimu. Baiskeli yangu ni ya milimani, na tairi za meno juu ya rola zina mngurumo usiofichika. Siku chache tu baadaye nilikutana kwenye ngazi na jirani wa gorofa ya chini, mama mtu mzima, mpole kabisa.

"Dada, kwani umefungua biashara ya cherehani?"

"Hapana, mama, ni baiskeli."

"Baiskeli? Gorofa ya tatu?"

Fundi akanifungia tairi laini nyuma kwa pesa kidogo, nami nikatandika chini vipande vya mpira kama vile vya sakafu za jimu. Sasa sauti imepungua sana, ila haijaisha, na saa tatu usiku nashuka kwenye baiskeli hata kama bado nina hamu. Tairi laini linahitaji kujazwa upepo vizuri, na rola ikazwe vya kutosha, la sivyo linateleza ukikanyaga kwa nguvu na kuacha vumbi jeusi la mpira sakafuni.

Halafu jasho! Barabarani, ukienda kilomita 25 kwa saa, mwendo wako wenyewe unakupepea. Sebuleni hewa imesimama. Hata Julai, madirisha wazi, nilikuwa nalowa hadi soksi. Feni si anasa, ni sehemu ya treina, iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Usukani naufunika kwa leso kuukuu, kwa sababu chumvi ya jasho hula skrubu na kuingia kwenye beringi za mbele.

Nilijaribu pia Zwift, programu ya kuendeshea baiskeli kwenye barabara za kubuni. Kwa treina kama yangu unafunga sensa ya kasi, nayo inakisia nguvu zako kutokana na mzunguko wa gurudumu. Inafurahisha, lakini ina malipo ya kila mwezi, na milima yake haibadilishi chochote miguuni mwangu, kwa kuwa sumaku nazisogeza mwenyewe. Nikarudi kwa redio. Chris Froome, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1985, alijifunza mbio za baiskeli na mwendeshaji Mkenya David Kinjah kwenye milima ya Kikuyu, na sidhani sebule ingemfikisha Tour de France.

Je, imenisaidia? Jumapili moja kavu nilienda Olepolos, upande wa barabara ya Magadi, na wenzangu. Kupanda kurudi Corner Baridi, mapafu na mapaja yalikuwa sawa kabisa, na wawili waliocheka treina yangu niliwaacha nyuma. Kilicholalamika ni shingo na viganja. Kwenye treina baiskeli haiyumbi, hupindi kona, hushiki breki, kwa hiyo mikono inasahau kazi yake. Kwenye mteremko nilikuwa mwoga kuliko Februari, kabla ya masika. Ukiwa unajiandaa kwa mbio, usiache kutoka nje hata mara moja kwa wiki.

Kwa shilingi 14,000, ukiongeza na za tairi, mpira na feni, naipa nne kati ya tano. Hiyo moja iliyobaki ni ya jirani. Mvua za vuli ziko njiani, kwa hiyo haiuzwi, msiniulize.