Kliniki ya kifua Ngamiani, dokta hakutaka kukisia

Jamani hawa wa kliniki ya kifua hapa Ngamiani Tanga mi nawapa nyota tano. Mamkubwa kakohoa miezi, kwengine wakampa dawa za TB na makohozi hayana kitu, huyu dokta kaangalia picha ya CT ya kifua kaona vinundu vidogo vidogo mapafu yote mawili akasema hapa hatukisii, lazima kipande kidogo cha nyama ya pafu kitolewe kikapimwe Dar. Kumbe uvimbe wa mishipa ya damu, hemanjioendotelioma ya epitelioidi, adimu mno, maabara seli zimeshika rangi ya CD31 (alama ya seli za mishipa ya damu) na CAMTA1 (alama ya uvimbe huu wenyewe) ndo wakawa na uhakika. Foleni ndefu, wahini asubuhi. Ila alikaa anatuchorea mapafu kwenye karatasi mpaka mamkubwa akaelewa, sintosahau.