Insomnia Coach: inajua hesabu za kitanda, jinamizi haiwezi

Programu hii ya simu ni ya bure. Ilitolewa mwaka 2020 na kituo cha masuala ya kiwewe cha Idara ya Maveterani ya Marekani. Walengwa ni wanajeshi wa zamani wanaokesha, ila yeyote mwenye Android au iPhone anaweza kuitumia. Kiswahili hakimo.

Kazi kubwa ni shajara ya usingizi, ndani ya mpango wa wiki 5. Asubuhi unajaza ulipanda kitandani saa ngapi, usingizi ulikuchukua lini, ulizinduka mara ngapi, ulitoka kitandani saa ngapi. Jaza kwa kukadiria. Anayechungulia saa usiku kucha ili asikosee anaichochea hofu ileile inayomnyima usingizi. Na jihadhari na saa za simu: saa tano usiku ni 11:00 PM. Ukiingiza 5:00, hesabu yote imeharibika.

Hesabu ya CBT-I, tiba ya kukosa usingizi kwa kubadili mawazo na mazoea, ambayo programu imejengwa juu yake, ni hii. Mtu yuko kitandani saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, jumla saa 9, lakini analala saa 5 na nusu tu: asilimia 61 ya muda wa kitandani. Basi anabanwa muda huo. Apande saa 6 usiku, aamke saa 11 na nusu alfajiri, hata Jumapili. Akifikisha wastani wa asilimia 85 kwa wiki, anaongezewa dakika 15. Muda wa kitandani usishuke chini ya saa 5. Wiki mbili za kwanza ni za kusinzia mchana, na hapo ndipo wengi huacha. Dereva wa lori, mwenye kifafa, mwenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au anayekoroma mpaka pumzi kukatika asijibane bila daktari.

Ugumu mwingine ni sharti la kuondoka kitandani usingizi ukigoma kwa dakika kama 20. Kwa aliyewahi kuvamiwa usiku, sebule yenye giza inaamsha mwili badala ya kuutuliza. Andaa mapema kiti, taa hafifu ya kuchaji (umeme hukatika) na kazi ya mikono, mfano kukunja nguo. Simu ibaki mbali. Komeo likaguliwe mara moja kabla ya kulala. Kila ukirudia kulikagua, mwili unasadiki kweli kuna hatari.

Kwenye jinamizi ndipo programu inapoishiwa. Jinamizi lina zoezi lake, nje ya programu: mchana, andika ndoto, ubadili inavyokwenda upendavyo, kisha uipitie hiyo mpya kichwani dakika 10 hadi 20 kila siku. Anza na ndoto isiyotisha sana. Tukio lenyewe likianza kurudi waziwazi ukiandika, weka kalamu chini. Hilo zoezi ufanye ukiwa na mtaalamu wa kiwewe.