TAHADHARI: Saa za ukutani za umeme za kizamani, wakazi wa Mwanza

Wadau wa vitu vya kale, kuna jamaa anatembeza saa za umeme kwenye magrupu ya WhatsApp, wateja anakutana nao maeneo ya Makoroboi. Amenipiga 85,000, na mimi najiita fundi!

Saa yenyewe ni Telechron ya Marekani, haina kosa. Ila mota yake ni ya volti 120, hezi 60 (yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde), na umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Jamaa anakupa na katransfoma, anakwambia "nishaimaliza hiyo, we chomeka tu." Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Na hizi saa hazina balansi (kile kigurudumu cha kupimia muda) wala betri, mota inazunguka kwa kufuata mapigo ya umeme wenyewe. Ukiipa 50 badala ya 60, inachelewa dakika 10 kila saa.

Mezani kwake mshale wa sekunde ulikuwa unateleza kama umepakwa samli. Nikatoa 55,000. Nyegezi nimefika, nikaiseti na simu saa 10 kamili jioni. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku inaanza, saa yangu inasema saa 1 na dakika 20.

Kumpigia, eti rota (kile kinachozunguka ndani ya mota) imekauka oili, akaniuzia nyingine "ya hezi 50" kwa 30,000. Nikaifunga, uchelewaji uleule. Nilipoichomoa na kuiinamisha kwenye mwanga ndipo nikaona: kibati kimepigwa msasa, lakini 60 bado inasomeka. Sikuangalia kabla ya kulipa. Uzembe wangu huo.

Kwa hiyo ukienda kununua kwa yeyote, toa simu, pima mshale wa sekunde mzunguko mmoja. Kwenye saa inayokwenda sawa, mshale unamaliza mzunguko kwa sekunde 60. Ukipata 72, ni ya hezi 60, rudisha hela mfukoni. Mshale ukiruka tik, tik, humo ndani kuna mashine ya betri ya kichina. Za Uingereza kama Smiths Sectric, zilizoandikwa volti 200 hadi 250 na hezi 50, zinakubali umeme wetu bila kikorombwezo chochote.

Nilimrudishia vyote, akasema niache, hela kesho. Kesho hiyo ni wiki ya tatu sasa, simu haipokei. Juzi kaiposti tena ileile kwa 120,000. Utaitambua: kioo kina ufa mdogo karibu na namba 4.