Tairi mpya au mtumba? Inama usome tarehe kwanza

Hapa Mtwara mtumba una bei nafuu, na kashata zake (yale meno ya tairi) huwa bado nene. Ndipo tunaponasa, maana huenda tairi ni ya zamani. Washa tochi ya simu, tafuta herufi DOT ubavuni: tarakimu nne za mwisho za namba inayofuata ni wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, chungulia upande wa pili.

Mpya nayo huweza kulala stoo. Yangu ilikuwa na miaka mitano. Nikarudi dukani na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), tukabishana hadi adhuhuri, ikabadilishwa. Kwa mtumba ningeambiwa, "Si umechagua mwenyewe, kaka?"

Kwa safari za Masasi nachukua mpya. Mtumba labda uwe spea, tena usiwe na nyufa.