Tahadhari: kliniki ya "tiba ya Kichina" inayopima shingo kwa kichuma na kuuza vidonge visivyo na jina

Wakuu, salaam. Kuna kliniki Kariakoo, ghorofani, inajitangaza kwa vipeperushi na gari la spika: shingo, mgongo, ganzi, vipimo vya mwili mzima elfu kumi tu. Ukilisikia hilo tangazo, pita hivi.

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani. Anainama toka asubuhi hadi magharibi, na shingo imemkaza miaka sasa. Akiitwa anageuka na mabega. Pale hakuna aliyemgusa shingo. Waliandika umri, uzito na urefu, wakampa kichuma chenye waya ashike, kompyuta ikahesabu kidogo, printa ikatema kurasa. Ini lina mafuta, figo zimechoka, mwili umejaa sumu, pingili za shingo zimekauka. Na ukurasa wa tatu, jamani, tezi dume yake imeanza kuvimba. Mama wa watoto wanne! Dada wa kompyuta alisahau kubadilisha jinsia ya mteja aliyetangulia. Zile mashine hazisomi chochote mwilini, zinatunga majibu kutokana na taarifa zilizojazwa.

Ingeishia hapo, ingekuwa hasara ya hela tu. Balaa liko kwenye dozi. Laki tatu na nusu, makopo mawili, lebo Kichina kitupu, namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hakuna. "Mizizi tupu mama, haina kemikali." Siku ya pili shingo ikalegea, anacheka. Ndiyo maana watu wanawasifia na kupeleka ndugu zao. Wiki kadhaa mbele uso ukavimba ukawa duara, njaa haikatiki, usiku kucha ni msalani. Hospitali sukari ikakutwa juu, na daktari akauliza hapo hapo: unatumia dawa gani ya maumivu? Dalili zile, akasema, ni za mtu aliyekula steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, muda mrefu. Kuchanganya dexamethasone, ambayo ni steroidi, au diclofenac ya maumivu kwenye "mitishamba" ya maumivu ni mchezo wa zamani, umeshagundulika nchi nyingi.

Kama kuna ndugu anatumia vidonge hivyo sasa hivi, asiviache ghafla. Aende hospitali na kopo lake mkononi leo leo, kwa sababu mwili uliozoea steroidi ukikatiwa mara moja presha inaweza kuporomoka vibaya.

Tiba ya Kichina yenyewe siipigi vita. Sindano zao nyembamba zisizo na dawa (akupancha) kwa maumivu sugu ya shingo zimefanyiwa utafiti. Mmoja wa Uingereza, uliotoka mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa 517, uliona nafuu ya kiasi, tena kwa mpango wa vipindi 12, siyo miujiza ya siku mbili. Mtaalamu wa kweli anakupapasa kwanza, anatafuta panapouma chini ya fuvu, pale wanapopaita Fengchi, anakuuliza unalalaje na unafanya kazi gani. Sindano anazifungua mbele yako, zikitumika zinatupwa. Akifika juu ya bega anachoma kwa hadhari, maana pafu haliko mbali. Printa ya nini?

Kabla hujatoa hata mia, omba kuona usajili wao wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ipo tangu 2002, mwenye nacho cheti anakitundika ukutani. Na shingo inayoleta ganzi hadi vidoleni, mkono kuishiwa nguvu, homa, mkojo kutozuilika, au iliyoanza baada ya kuanguka, hiyo ni ya hospitali moja kwa moja.

Tulirudi kudai hela. Tukajibiwa uso kuvimba ni "sumu zinatoka", arudi achukue dozi ya pili kwa punguzo. Kopo moja bado tunalo na linapelekwa TMDA. Aliyeuziwa kama hilo asitupe, anitumie picha ya lebo tulinganishe, twende pamoja.